Qiliqiangxin haichukui nafasi ya dawa za moyo

Dada, umeuliza kama mama, ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, aache vidonge vya hospitali atumie kapsuli za mitishamba za Kichina ziitwazo Qiliqiangxin. Tafadhali asiache hata kimoja.

Ushahidi wa kapsuli hizo upo, na ni wa kuheshimika. Utafiti wa QUEST, uliofanyika China bara na Hong Kong kwa wagonjwa 3,110 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2023, uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa kapsuli zenye dawa na wengine zisizo na dawa. Waliolazwa kwa kuzidiwa na ugonjwa huo, au waliofariki kwa maradhi ya moyo na mishipa, walikuwa takriban asilimia 25 kwa waliopata dawa na asilimia 30 kwa wenzao. Lakini wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Kapsuli ziliongezwa juu yake, nalo ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi.

Isitoshe, kati ya mimea yake 11 umo mzizi wa akoniti, ambao usipoandaliwa ipasavyo huvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo kopo lolote la Kariakoo lisilojulikana lilikotoka naliogopa kwa dhati. Mpeleke mama kliniki yake, Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pamoja na kopo lenyewe, daktari alione kabla hajameza chochote.