Shokapu za Hilux ya zamani: gesi au mafuta?

Swali: Fundi shikamoo, nina Hilux ya 1994 nabebea mawese toka vijijini hadi Kigoma mjini, siku hizi ikiingia shimo nyuma inadunda kama mpira. Ninunue shokapu (zile za kuzuia gari isidunde-dunde) za gesi au za mafuta?

Jibu: Marahaba. Kwanza ingia chini uangalie, ukikuta zimevuja mafuta basi zimekufa, ila cheki na bushi, zile raba za kwenye maungio, maana kelele nyingine ni bushi tu. Kwa barabara ya vumbi inayotetemesha mwendo mrefu mi nakwambia chukua za gesi, nazo zina mafuta ndani pamoja na gesi, na zikipata moto mafuta hayo hayatoi povu haraka, japo gari tupu itakuwa ngumu kidogo. Badili zote mbili za nyuma. Mzigo unabebwa na springi, kwahiyo kama inalala nyuma shida sio shokapu. Za mtumba? Mi hata bure sitaki.