Maswali na Majibu: Usiku wa Ndege Wako

Kasuku wetu anakaa sebuleni, na televisheni huzimwa saa sita usiku. Siku hizi anashinda akipiga kelele na kujinyofoa manyoya. Ana nini? (Msomaji, Tanga)

Cha kwanza kukitazama ni usingizi. Kasuku anahitaji giza na utulivu kwa saa 10 hadi 12. Kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta, usiku wenyewe ni wa saa kama 12 mwaka mzima, na mwili wake umezoea hivyo. Sebule ndiyo inayomnyima.

Mtafutie tundu dogo la kulalia, uliweke chumba kisichotumika usiku. Mhamishie huko saa 1 jioni, umrudishe saa 1 asubuhi, na usibadilishebadilishe saa. Tafadhali usidanganyike ukimwona amefumba macho mbele ya televisheni. Ndege wengi wanaweza kulaza upande mmoja wa ubongo huku jicho moja likilinda, na huko si kupumzika kikamilifu. Kujinyofoa kuna sababu nyingine pia, yakiwemo maradhi, kwa hiyo muone daktari wa mifugo hata kama utabadilisha ratiba leo.

Nimfunike au nisimfunike? (Dar es Salaam)

Kama chumba kina giza, si lazima. Ukifunika, tumia kanga nyepesi ya pamba na uache upande mmoja wazi apate hewa. Joto la Dar unalijua. Kagua pindo: nyuzi zilizolegea hunasa vidole.

Mbu wamezidi. Naweza kuchoma dawa ya mbu usiku karibu na chiriku wangu? (Mombasa)

Nakusihi, usichome wala usipulize. Hewa katika mapafu ya ndege hupita kuelekea upande mmoja bila kurudi, na hiyo humfanya avute sumu upesi kuliko sisi. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka migodini na chiriku hadi 1986: hewa ikiharibika, ndege alilegea kabla ya mtu.

Lakini mbu nao usiwapuuze, kwa sababu hueneza ndui ya ndege. Tandaza juu ya tundu chandarua kisichotiwa dawa, kikae mbali kidogo na nondo za tundu, ndege asije akakitafuna, na mwaga maji yote yaliyotuama uani.

Kokateli wangu (yule kasuku mdogo mwenye kishungi) hushtuka usiku wa manane na kujigonga humo tunduni. (Nairobi)

Kokateli wanajulikana kwa hilo. Mwanga wa pikipiki ukipita dirishani, au panya akikwaruza, anaruka gizani bila kuona nondo. Weka pazia zito, kisha acha taa hafifu sana pembeni ili aone kijiti chake. Akishtuka, usimkamate. Washa taa, ongea naye kwa sauti ya chini mpaka atulie, ndipo umwangalie mbawa. Ukiona unyoya unaovuja damu, bana kwa pamba safi na umpeleke kwa daktari.

Analala kwa mguu mmoja, kichwa amekificha mgongoni, na kabla ya hapo husaga mdomo. Anaumwa? (Zanzibar)

Hapana, huyo ametulia. Wa kumhofia ni aliyevimbisha manyoya, amekaa chini kwenye sakafu ya tundu, na mkia unacheza kila anapovuta pumzi. Huyo usingoje kesho.