Umepata viza ya Japani? Ratiba achana nayo

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, viza imetoka! Naomba ratiba yako ya Osaka, siku kwa siku." Huo ujumbe nimekaa nao siku tatu bila kujibu. Hongera, mdogo wangu. Ila ratiba ndiyo iliyoniliza.

Nilikwenda na rafiki yangu, baada ya kudunduliza miaka miwili. Yeye ndiye aliyepanga kila kitu, saa kwa dakika, mpaka pa kula. Tokyo tukatoka salama. Tukapanda Shinkansen, treni yao ya kasi, baada ya masaa mawili na nusu hivi tupo stesheni ya Shin-Osaka, na mimi nishajiona mwenyeji. Kwenye ngazi za umeme nikasimama kushoto kama nilivyojifunza Tokyo. Kumbe Osaka wanasimama kulia! Foleni nyuma yangu, hakuna hata aliyenisonya, lakini aibu yake naijua mwenyewe.

Halafu Umeda. Chini ya ardhi pale kuna mji mwingine, maduka na vichochoro vinavyounganisha stesheni kibao. Hii inaitwa Osaka, ile Umeda, nyingine Higashi-Umeda, yaani Umeda Mashariki, na Nishi-Umeda ya Magharibi nayo ipo, zote palepale. Nikasimama kidogo kuangalia keki dirishani. Kugeuka, mwenzangu hayupo. Nilipompata kwenye simu akasema, "Unatuchelewesha, mimi natangulia Kasri la Osaka." Anatangulia! Mtu niliyekaa naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu.

Sikumfuata. (Kasri nililiona kesho yake. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa zamani wa Japani, alianza kulijenga 1583, ila mnara uliopo sasa ni wa zege, wa mwaka 1931, na ndani una lifti. Zuri, lakini si la kumtelekezea mtu stesheni.)

Nikapanda juu, nikatembea tu, mpaka nikatokea Tenjinbashisuji, mtaa wa maduka ulioezekwa paa, urefu wake kama kilomita mbili na nusu. Visu vya jikoni, kimono za mtumba, majani ya chai, baiskeli zinapenya katikati ya watu. Pale nikamkuta mzee anapika takoyaki. Jamani, ni chuma cha vitumbua kilekile! Anamimina uji wa ngano, kila kishimo anatupia kipande cha pweza, kisha anavigeuza kwa vijiti viwili vya chuma mpaka vinakuwa mviringo kama gololi. Juu anapaka sosi nyeusi, ananyunyizia samaki mkavu aliyeparwa mwembamba kama karatasi, na ule mvuke unamfanya ajikunjekunje kama yu hai. Mtoto wa pwani, pweza nimwogope? Nikatia kimoja kizima mdomoni. Ndani moto mtupu. Ulimi ukababuka, machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya pweza au ya yule rafiki.

Bibi mmoja aliyesimama kando akafungua mkoba, akanipa pipi, huku akiongea maneno ambayo sikuelewa hata moja. Baadaye nikaja kujua kwamba kina mama wa Osaka wanasifika kwa kutembea na pipi za kugawa. Wanaziita ame-chan.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tembea. Chagua mtaa mmoja, uutembee. Ukichoka kaa, kisha utembee tena. Nunua kadi ya nauli, ICOCA, uitie hela, tiketi zisikusumbue. Takataka zako jiandae kuzibeba, mapipa barabarani ni ya kutafuta. Bakshishi usiache. Na usiku wa manane treni zinalala, usije ukasema sikukwambia.

Lakini kubwa ni hili: wengi wetu tunasafiri ili tuonekane. Mtu anasimama Dotonbori mbele ya bango la Glico, kampuni ya pipi, lenye yule mkimbiaji aliyeinua mikono, anapiga picha arobaini, anarudi hotelini. Ukimuuliza Osaka inanukiaje, hajui. Na mimi nilipiga, sikatai. Halafu mchunguze unayesafiri naye kabla hujalipa nauli. Anayekuhesabia dakika hapa Dar, ugenini atakuacha kwenye keki.

Utaniuliza kama mimi na yule rafiki bado tunaongea. Tunatumiana salamu, Idi mpaka Idi. Ratiba yake ninayo kwenye simu mpaka leo, na ukishikilia kuitaka nitakutumia, ila usiseme nimekupa mimi.