Jibu: Naomba lakini hofu haiondoki

Amani kwako, ndugu. Umesema unasubiri majibu ya vipimo, unaomba kila usiku, lakini hofu haiondoki, na sasa unajiuliza kama huna imani.

Kwanza angalia unachoomba. Mimi nikiombea hofu iondoke, huishia kujikagua kama imeondoka, nayo huzidi. Siku hizi namtajia Mungu jambo lenyewe: "Naogopa majibu haya." Soma 2 Mambo ya Nyakati 20. Biblia inasema wazi kwamba Yehoshafati, mfalme wa Yuda, aliogopa maadui walipomjia, kisha akasimama mbele ya watu wote akakiri kuwa hawajui la kufanya, ila macho yao yanamtazama Mungu. Hakungoja hofu iishe ndipo aombe! Zaburi 56:3 nayo inaweka hofu na tumaini katika siku moja.

Halafu usibaki na hili peke yako. Nabii Eliya alipotamani kufa, malaika alimpa chakula na maji, akala, akalala tena. Kula, pumzika, mwombe mtu unayemwamini asali nawe. Usingizi ukikukimbia mfululizo, mwambie daktari pia. Huko si kumkosea Mungu.

Majibu yakitoka, yoyote yale, tuandikie tuendelee kukuombea.