Kapu la Krismasi la kutengeneza nyumbani, na Januari isikukute huna kitu

Lile kapu la Krismasi la dukani, lililofungwa nailoni inayong'aa na utepe mwekundu, ukilifungua utakuta chini yake pamejazwa karatasi zilizosokotwa ili vitu vionekane vingi. Juu pana paketi ya biskuti, juisi ya boksi, majani ya chai, tambi, na chokoleti ambayo imeshayeyuka ikaganda tena. Vyote hivyo vipo dukani kwa Mangi hapo mtaani kwako. Kilichopandisha bei ni nailoni.

Mimi naishi Dar na nimeolewa Uchagani. Maana yake kila Desemba kuna basi la Moshi, kuna mama mkwe, kuna mawifi, na kuna mashangazi wa mume ambao wote wanajua mtu wa mjini haji mikono mitupu. Nyuma ya Desemba inakuja Januari na sare, madaftari, michango ya shule, na mwenye nyumba anayetaka kodi yake ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo nimejiwekea kikomo: kapu moja lisizidi shilingi 15,000 pamoja na kikapu chenyewe, na kila kilichomo kiwe kitu ambacho mtu atakitumia mpaka kiishe.

Wengi hudhani kutengeneza mwenyewe ndiko kunakopunguza gharama. Si lazima. Ukitaka kila kapu liwe na vitu vinane tofauti, utanunua robo ya hiki na robo ya kile kwa bei ya rejareja, gesi itawaka wiki nzima, na mwisho wa hesabu bora ungeenda dukani. Unafuu unatoka kwenye mambo mawili: kupika kitu kimoja kwa wingi, na kutumia kile kilichojaa sokoni msimu huo. Vitu vitatu vinatosha kapu. Vinne ni sherehe.

Bahati yetu Krismasi inaangukia wakati wa maembe na mananasi. Kwa achari natafuta maembe mabichi, magumu. Nayakata vipande vyembamba na maganda yake, nachanganya na chumvi na manjano, nalaza usiku mmoja, asubuhi namwaga maji yaliyotoka, kisha naanika kwenye ungo mpaka vipande vinyauke na kujikunja ukingoni. Hapa ndipo Dar inapomsumbua mtu, kwa sababu Desemba mvua za vuli huwa hazijaaga. Anza mwishoni mwa Novemba, na siku ya mawingu usijidanganye kwamba "panatosha hivyo hivyo". Embe ambalo halikunyauka litaota ukungu ndani ya chupa. Vikishanyauka, kaanga haradali, pilipili ya kusaga na kitunguu saumu kidogo kwenye mafuta, epua, tia siki, changanya. Mafuta yafunike vipande vyote juu. Siki usiiruke hata kama familia yako haiipendi: kitunguu saumu kikikaa ndani ya mafuta matupu, bila siki wala ndimu, nje ya friji, kinaweza kuzalisha sumu isiyo na harufu wala rangi. Zawadi inayompeleka mtu hospitali haisahauliki.

Jamu ya nanasi ni rahisi zaidi. Mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, msimu huu yanajaa hadi yanauzwa kwenye matoroli, na hayo yaliyoiva kupita kiasi, ambayo muuzaji anataka kuyaondoa kabla jioni haijaingia, ndiyo yangu. Kilo moja ya nanasi lililokunwa, robo tatu ya sukari, maji ya ndimu mbili. Nanasi peke yake halishikani vizuri, hivyo natia na embe bichi moja la kukuna, linasaidia kugandisha. Ili ujue imeiva, weka kisahani kwenye friji, dondoshea tone, subiri kidogo, kisha lisukume kwa kidole. Likikunja ngozi juu, epua. Likitiririka, rudisha jikoni.

Lakini kama una nguvu ya kutengeneza kitu kimoja tu, tengeneza viungo vya pilau. Hakuna zawadi inayoonekana ya gharama kama hiyo na imetumia fedha kidogo hivyo. Nenda Kariakoo, nunua kwa kupimiwa, usinunue vile vipakiti vidogo vilivyozibwa kwa moto. Mimi kwa kila vijiko vinne vikubwa vya bizari nyembamba naweka kimoja cha pilipili manga, kimoja cha iliki, kimoja cha mdalasini uliovunjwavunjwa, na nusu ya karafuu. Karafuu usimwage, ina tabia ya kumeza wenzake. Pasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka harufu ifike sebuleni, acha ipoe kabisa, ndipo usage. Ukisaga ya moto, mvuke utashika ndani ya chupa na viungo vitagandamana. Hayo hayo mabaki ya iliki, mdalasini na pilipili manga, ukiongeza tangawizi kavu, umepata viungo vya chai kwa ajili ya kapu lingine.

Kashata za karanga ndizo watoto wangu wanazongojea. Kabla ya kupika, mimina karanga mbichi kwenye sinia, kaa chini, zichague moja moja. Iliyokunjamana, yenye doa jeusi au ukungu wa kijani, tupa, na usimpe kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, si hadithi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo huishika vilevile. Kukaanga hakuimalizi. Kisha kwa nusu kilo ya karanga zilizokaangwa na kumenywa, weka vikombe viwili vya sukari na nusu kikombe cha maji jikoni, kamulia ndimu kidogo, usikoroge sana. Mapovu yataanza madogo na mepesi, baadaye yatakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole. Shira ikianza kushika rangi ya asali, dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likigonga chini na kuvunjika ukilibana, ni wakati. Tia iliki, mwaga karanga, geuza haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, tandaza kwa kifimbo cha chapati nacho kilichopakwa mafuta, na ukate papo hapo. Ukienda kupokea simu, ukirudi utakuta tofali.

Kashata hazipendi hewa ya pwani. Zikikaa wazi usiku mmoja tu, asubuhi zinanata. Zipike siku chache kabla ya safari, si wiki tatu, na zifungie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Chupa usinunue. Kuanzia Agosti hakuna chupa ya jamu, ya mayonezi wala ya kahawa inayotupwa nyumbani kwangu, na majirani wameshajua, wananiletea. Harufu hukaa kwenye mfuniko zaidi kuliko kwenye kioo, kwa hiyo mfuniko uliofunika achari mwaka jana ufunike achari tena mwaka huu, usiupeleke kwenye viungo vya chai. Chemsha chupa dakika kumi, zigeuze juu ya kitambaa safi zikauke zenyewe. Jamu ya moto iingie kwenye chupa ya moto. Chupa baridi itapasuka mkononi. Bandika karatasi uandike ni nini na ilipikwa lini. Kazi hii wape watoto, wachore na nyota na mti wa Krismasi pembeni, mwandiko ukipinda ndiyo uzuri wake.

Kuhusu kifungashio, mimi simshauri mtu anunue karatasi za zawadi. Zinachanwa na kuishia jalalani siku hiyo hiyo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019, kikapu cha ukili kimekuwa kitu cha kubeba sokoni kila siku, na aliyepewa atakitumia hata jamu ikiisha. Unaweza pia kufunga kwa kanga: doti moja ukiikata inafunga zawadi mbili. Ila kwa mama mkwe usithubutu, yeye apewe doti nzima. Na soma maandishi kabla ya kulipa. Wifi yangu mkubwa anasoma kanga kuliko anavyosoma meseji, na kuna kanga zilizotungwa mahsusi kugombanisha watu.

Si kila mtu anafaa kapu la aina hii. Kijana aliyepanga chumba kimoja na hana hata sufuria ya maana, viungo vya pilau atavifanyia nini? Mpe kashata na karanga za kukaanga za chumvi. Mwenye kisukari mpe achari na viungo vya chai, jamu iache. Mama mmoja hapa jirani ni Mwislamu, Idi haipiti bila kuniletea bakuli la visheti, na bakuli la mtu halirudi tupu, hivyo Krismasi linarudi na kashata. Na kama kuna nyumba unayojua kabisa mambo ni magumu, mjane au mtu aliyeachishwa kazi, weka mapambo pembeni. Kilo mbili za mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni ya mche, na juu yake kachupa kako kamoja ka jamu ili asione amepewa msaada. Achari bila wali ni utani.

Sasa safari. Mizigo kwenye buti ya basi hurushwa kama magunia ya mkaa, na kuanzia Stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Moshi kuna muda wa kutosha wa mafuta ya achari kupata njia. Weka kipande cha nailoni mdomoni mwa chupa kabla ya kufunga mfuniko, viringisha kila chupa kwenye gazeti, zisimamishe ndani ya boksi zikibanana zisiweze kucheza, na boksi liandikwe "CHUPA" kwa herufi kubwa pande zote nne, maana konda hatazami upande mmoja. Vikapu vipangwe kimoja ndani ya kingine, vijazwe mkifika. Kashata ziingie nanyi ndani ya basi, mkijua watoto watazichungulia njiani.

Keki sibebi. Kule nyumbani kuna mayai ya kienyeji na maziwa ya ng'ombe wao wenyewe, kwa hiyo ninachofunga ni unga, sukari, hamira ya keki na iliki, vyote vimeshapimwa kwenye mfuko mmoja, na karatasi inayosema siagi kiasi gani na mayai mangapi. Mfuko mmoja keki moja, na mawifi wanaoka siku wanayotaka wao.