Maswali yenu: kidani cha kizamani, shanga ngapi, uzi gani, fundo wapi

Barua kadhaa zimetufikia kuhusu kutunga vidani nyumbani. Wengi wanaulizia shanga, na ni haki, maana ndizo zinazoonekana. Lakini karibu kila tatizo mlilotuandikia limeanzia kwenye uzi.

Swali: Habari zenu. Nataka kujitungia kidani kama vile wanavyovaa akina bibi kwenye picha za zamani: mstari mmoja, ushanga mkubwa katikati, halafu zinazidi kupungua hadi kisogoni. Ninunue shanga ngapi, na uzi wa urefu gani? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Nzuri, dada. Kabla ya kwenda dukani, zungusha kamba shingoni, ikae pale unapotaka kidani kikae, kisha uipime kwa rula. Wengi wetu tukivaa cha sentimita 45, kinakaa kwenye mitulinga. Kifungio na vikombe vyake vya kufunika fundo vitakula kama sentimita 2, kwa hiyo una sentimita 43 za kujaza.

Mpangilio huu unatosha: ushanga 1 wa milimita 12 katikati, kila upande shanga 4 za milimita 10, kisha 8 za milimita 8, kisha 13 za milimita 6. Jumla ni shanga 51. Zikikaa bega kwa bega zinafika sentimita 37.6 tu, na ukidhani umepungukiwa utaongeza shanga bure. Sentimita zilizobaki ni za mafundo: yako 50, na kila moja linachukua karibu milimita 1. Nunua tatu zaidi za kila saizi, kwa sababu kila mkebe una shanga zenye tundu lililoziba au lililotobolewa upande.

Usiyaruke mafundo. Ndiyo yanayokifanya kidani kikunjike kwa ulaini badala ya kusimama kama fimbo, yanazuia shanga zisisagane, na siku uzi ukikatika unapoteza ushanga mmoja, si hamsini sakafuni.

Uzi uwe wa hariri au poliesta iliyosukwa, mita 2.5, ukunjwe mara mbili. Unene wake unaamuliwa na tundu. Uzi uliokunjwa lazima upite kwenye tundu dogo kuliko yote, na fundo lake lishindwe kuingia kwenye tundu kubwa kuliko yote. Funga fundo moja la majaribio, livute kuelekea ule ushanga wa milimita 12. Likizama ndani, uzi ni mwembamba. Shanga kubwa mara nyingi zina matundu mapana, kwa hiyo hapo katikati unaweza kuhitaji fundo la kurudia. Uzi wa hariri ukiwa mpya hurefuka. Uning'inize usiku mzima na kufuli limefungwa chini, la sivyo baada ya wiki mbili utaona uzi mtupu kati ya shanga.

Panga shanga zote kwanza kwenye taulo lililokunjwa au kwenye mifereji ya kadibodi ya boksi, uone kwa macho kama zinapungua vizuri. Kisha anza na kikombe cha kufunika fundo, kile kidogo cha chuma chenye nusu mbili kama chaza: pitisha uzi kwenye tundu la chini, funga fundo nene ndani, tia tone la gundi, subiri ikauke, bana kwa koleo ndogo. Gundi isiwe supaglu. Ile inakauka ngumu kama kioo, na uzi unakatika palepale inapoishia. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa fundo lenyewe. Ushanga umeingia na umegusa wa nyuma yake. Fanya kitanzi kilegevu, upitishe ncha ya uzi ndani yake, lakini usivute. Ingiza sindano ya kushonea katikati ya kitanzi, na kwa sindano hiyo kisukume kiteremke hadi kiguse ushanga. Kiweke kidole gumba juu yake. Vuta uzi taratibu huku sindano ikiwa bado ndani, ichomoe dakika ya mwisho kabisa, kisha shika zile nyuzi mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, uzitenganishe kwa nguvu. Utaliona fundo likirudi nyuma na kubana ushanga.

Kosa la kawaida ni kuvuta ncha kabla kitanzi hakijafika. Fundo linajifunga njiani, na pengo la milimita 2 linabaki. Likigunduliwa mapema, ncha za sindano mbili zinalifungua. Likishakazwa, uzi utachanika nyuzinyuzi ukilazimisha, basi heri ukate na uanze upya, hata kama umefika ushanga wa thelathini. Pengo moja katikati ya kidani linaonekana kutoka mlangoni.

Swali: Kidani changu nilikitunga kwa nailoni ya kuvulia samaki nikijua ni imara. Kimekatika mara mbili, zote karibu na kifungio. *Mwanafunzi wa ushonaji, Mombasa*

Jibu: Pole, mdogo wetu. Mshipi wa samaki umetengenezwa kuvutwa, haukutengenezwa kukunjwa na kusuguliwa mahali pamoja kila siku. Fundo lake huteleza, jua hulifanya plastiki kuwa kavu, na umbo la kigurudumu ulikozungushiwa haliutoki, ndiyo maana kidani kinajikunja mezani. Karibu na kifungio ndiko msuguano mwingi uliko.

Ila chunguza na shanga. Pitisha uzi wa pamba kwenye tundu, uuvute mbele na nyuma kama msumeno, mara kumi. Ukitoka na manyoya, kingo za tundu ni kali na zitakata uzi wowote. Sugua kingo kwa kipande cha msasa laini kilichoviringishwa na kulowanishwa, au uache ushanga huo. Kama shanga zote ni za mawe au za chuma na matundu ni makali, tumia waya laini uliofunikwa plastiki. Huo haufungwi mafundo. Ncha zake hushikwa na vishanga vya chuma vya kubana kwa koleo. Uachie nafasi ya milimita 2 au 3 kabla ya kubana, usije ukawa mkavu shingoni.

Swali: Kifungio gani kinafaa? *Msomaji, Kisumu*

Jibu: Kulabu yenye umbo la S na pete mbili, hasa kwa kidani kizito. Vile vya pipa vyenye skrubu vinapendeza na vina sura ya kale, lakini hujifungua taratibu kadiri kidani kinavyozunguka shingoni.

Swali: Shanga zangu mpya zinang'aa mno. Nimeambiwa nizichemshe kwenye chai zionekane za zamani. *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Kioo hakinywi chai, dada. Kinachonywa ni uzi. Loweka hariri nyeupe kwenye chai ya rangi iliyokolea kwa nusu saa, suuza, kausha kivulini, nao utatoka na umanjano wa uzi uliokaa kabatini miaka. Poliesta itabaki nyeupe vilevile.

Mng'ao wa kioo hupunguzwa kwa msasa namba 600 wenye maji, kwa mkono, ushanga mmoja mmoja. Usisugue kukavu, vumbi la kioo si la kuvuta puani. Kwanza lowesha ushanga mmoja kwenye kiondoa rangi ya kucha usiku kucha. Rangi ikitoka, ulikuwa umepakwa tu, na msasa utauchubua. Lulu za bandia na plastiki usizijaribu kabisa.

Kifungio cha fedha au shaba nyekundu kitie kwenye mkebe pamoja na yai lililochemshwa, likiwa bado moto na limepondwa, ufunike saa chache. Salfa ya yai hukitia weusi. Kama hakibadiliki, kimepakwa vanishi.

Swali: Assalamu alaikum. Nimerithi kidani cha bibi, shanga nyekundu ndogo, uzi umeoza. Nitunge upya au niache? *Msomaji, Unguja*

Jibu: Waalaikumu ssalaam. Tunga upya, uzi uliooza utakupotezea shanga. Lakini tazama kwanza kwenye matundu. Ukiona nje nyekundu na ndani nyeupe, ni kioo cha tabaka mbili, aina iliyotengenezwa kwa wingi Venice. Wasafiri wa karne ya 19 waliotoka pwani na misafara waliziandika shanga nyekundu kwa jina la samisami. Bara shanga zilikuwa fedha: khete kumi, yaani nyuzi kumi za shanga, zilifanya kipimo kilichoitwa fundo, na aliyebeba rangi isiyotakiwa mahali alipofika hakupata chakula kwa rangi hiyo.

Usikate bado. Nyoosha kidani mezani, kipige picha, kisha bandika selotepu juu ya shanga zote zishikwe kwa mpangilio wake. Ndipo ukate, na uhamishe tano tano kwenye uzi mpya. Usizitumbukize kwenye maji ya moto. Kitambaa chenye unyevu kinatosha, na uchafu wa ndani ya tundu hutoka kwa uzi wa pamba uliolowa. Kwa shanga ndogo hivyo, weka fundo baada ya kila kumi tu. Ukiweka kila moja, kidani kitarefuka na hakitakaa tena pale alipokivaa bibi.