Kiendeshi cha DVD kisichoonekana kwenye BIOS

Ndugu, umeeleza kwamba trei ya kiendeshi chako cha DVD inafunguka unapobonyeza kitufe, ilhali ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) haukioni hata ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, na kwamba tatizo lilianza baada ya kuongeza SSD ya M.2, ile diski ndogo bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Kufunguka kwa trei kunaonyesha kuwa umeme unafika, hivyo shaka ibaki kwenye kebo ya data, ile nyembamba yenye pini 7, au kwenye tundu ilimochomekwa. Tafadhali usisakinishe Windows upya, kwa sababu kifaa kisichoonekana kwenye BIOS hakitaletwa na Windows.

Mimi ningeanza na hiyo SSD. Katika bodi nyingi, nafasi ya M.2 hutumia njia moja na baadhi ya matundu ya SATA, yaani yale yanayopokea kebo za data za diski na DVD, na ukiijaza, tundu moja au mawili huzimwa kimyakimya bila onyo lolote. Kitabu cha bodi hutaja ni yapi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha hamishia kebo kwenye tundu lingine. Ukiwa hapo, tazama ndani ya tundu la kiendeshi: kile kiplastiki chenye umbo la L huvunjika kwa urahisi, na pini zikakosa kugusana sawasawa.

Hali isipobadilika, jaribu kebo nyingine, kwani pale Luthuli Avenue, Nairobi, hutakosa ya bei nafuu, kisha ukipime kiendeshi kwenye kompyuta ya jirani kabla hujamkubalia fundi yeyote akuuzie bodi mpya.